Kula mgahawani uwanja wa ndege au kubeba chakula?

Kwa gharama, chakula cha kubeba hushinda bila ubishi, kwa kuwa mgahawa wa uwanjani kwa kawaida hulipa kodi kubwa ya pango na mzigo huo humwangukia mlaji. Kwa upande wa muda, mambo hayako wazi hivyo: lango la kupandia ndege hufungwa mapema, mara nyingi dakika 15 au 20 kabla ya kuondoka, na jiko lenye foleni halijali tiketi yako, lakini mtindi au mchuzi uliobebwa waweza kuzuiwa kwenye ukaguzi, kwani viwanja vingi bado havipitishi chombo cha kimiminika kinachozidi mililita 100. Mgahawa hutoa chakula cha moto na kiti, ambacho mimi hukithamini kuliko ladha yenyewe. Mwenye saa mbili za kungoja aketi ale. Anayeunganisha ndege kwa haraka, au aliye na watoto wanaochagua chakula, afungashe kitu kikavu.