Oxidized: Programu ya Bure Inayotunza Konfigi za Rauta Zangu Kisumu

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni tena. Leo sina boksi la kufungua hapa mezani. Ninayoichambua ni programu ya bure, inaitwa Oxidized, na kazi yake ni moja: inaingia kwenye rauta na swichi zako, inasoma konfigi, yaani mipangilio yake, na kama kuna kilichobadilika inaihifadhi.

Kwanza mjue kwa nini niliitafuta. Mnaoishi Kisumu mnaijua mvua yetu. Jua linachoma tangu asubuhi, saa tisa mawingu yanajikusanya, jioni radi inaanza kupiga. Mwaka jana ilipiga mlingoti wetu wa Manyatta, tunaotumia kuwapa wateja intaneti, ikaua rauta ya MikroTik iliyobeba wateja zaidi ya 40. Rauta ya akiba nilikuwa nayo kwenye gari. Bakapu pia nilikuwa nayo kwenye laptopu. Lakini bakapu yenyewe ilikuwa ya miezi 5 nyuma, tena lile faili la .backup, lisilosomeka kwa macho, ambalo limekusudiwa kurudishwa kwenye rauta ileile lilikotoka. Ya akiba ilikuwa modeli nyingine kabisa.

Basi nikaketi chini ya mlingoti nikiandika upya VLAN (mitandao midogo iliyotenganishwa ndani ya mtandao mmoja), anwani na mipaka ya kasi ya kila mteja, yote kwa kukumbuka, simu nayo hainyamazi. Mama mwenye saiba hapo jirani alikuja mara tatu. “Kijana wangu, bado tu?” “Bado kidogo, mama.” Watu walikuwa wamejaa kwake wakisubiri kuchapisha fomu, na mimi nilijua fika kwamba bado si kidogo. Nilimaliza saa nne usiku.

Sasa tazameni skrini. Hili ni faili la router.db, ndiyo orodha ya vifaa vyangu. Kila mstari una anwani, halafu nukta mbili, halafu aina ya kifaa. MikroTik unaandika routeros, Cisco unaandika ios, antena za Ubiquiti ni airos, Huawei ni vrp. Aina zinazokubalika zinapita 100, kwa hivyo kifaa chako huenda kimo. Usipoigusa, inazungukia vifaa vyote kila baada ya sekunde 3600, yaani saa moja. Mimi nimeiweka kwenye kompyuta ndogo ya zamani yenye Linux, ndani ya Docker, yaani kifurushi chenye kila kitu programu inachohitaji, kwa sababu programu hii imeandikwa kwa lugha ya Ruby na sikutaka kuhangaika na vipande vyake kimoja kimoja.

Kwenye MikroTik haichukui lile faili la .backup. Inatumia amri ya export, inayotoa maandishi matupu, kisha inayaweka kwenye Git, programu inayotunza kila toleo la faili. Hapo ndipo thamani yake yote ilipo, na nataka niwaonyeshe kwa karibu.

Kuna shule moja tunaihudumia upande wa Mamboleo. Walipiga simu Alhamisi wakisema mtandao unatambaa. Nikapima waya, nikapima antena, kila kitu kizima. Kisha nikafungua ukurasa huu wa Oxidized, nikabonyeza matoleo ya ile rauta, nikalinganisha la Jumatano asubuhi na la Jumatano jioni. Tazameni. Mstari mwekundu, huu wa zamani, wa kikomo cha kasi: max-limit=20M/20M. Mstari wa kijani, huu mpya: max-limit=2M/2M. Sifuri mbili zimeanguka. Mwenzangu alikuwa akimwongezea kasi mteja mwingine, mkono ukateleza. Kumlaumu kungenisaidia nini? Nilirudisha mstari mmoja, shule ikaendelea na masomo. Bila kulinganisha huku ningepanda pikipiki hadi Mamboleo na kubadilisha antena isiyo na kosa.

Radi nayo ilirudi mwezi wa nne, mlingoti uleule. Safari hii nilifungua konfigi ya saa moja kabla, nikabadilisha majina ya milango kwa sababu modeli ni tofauti, nikaimimina kwenye rauta ya akiba. Dakika 25. Mama wa saiba alinikuta nakunja waya.

Haya, mabaya yake. Paswadi za vifaa vyako zinakaa kwenye faili lake la mipangilio zikiwa wazi. Kwa hivyo lifunge faili hilo lisomwe na mtumiaji mmoja tu, na kwenye rauta tengeneza akaunti ya pekee isiyo na ruhusa ya kuandika. Ukurasa wake wa kivinjari, unaofunguka kwenye mlango (port) 8888, nao hauna mlinzi. Mwanzoni unajibu ndani ya mashine yenyewe tu, uache hivyo, uufikie kwa SSH tunnel, yaani njia salama inayoingilia mashine hiyo. Tafadhali, msiutoe kwenye intaneti wazi. Anayeusoma anausoma mtandao wako wote.

Jingine: kwa mpangilio wangu huu haikuambii nani amebadilisha, inakuambia kati ya saa ngapi na saa ngapi. Na export ya MikroTik haitoi paswadi za watumiaji wa rauta wala vyeti, hivyo viwekee akiba mahali pengine. Tena RouterOS 7, mfumo unaoendesha MikroTik, huficha siri mpaka amri iongezewe show-sensitive. Fungua faili lililohifadhiwa, uhakikishe kwa macho yako kwamba paswadi za PPPoE, zile wateja wanazoingilia mtandaoni, zimo. Usingoje siku ya radi.

Kompyuta ya Oxidized pia isikae chini ya mlingoti uleule. Yangu iko Kondele, na nakala ya Git inaenda kwenye seva nyingine nje ya Kisumu.

Mtaniuliza kuhusu RANCID. Nimeitumia. Ni mzee wa kazi hii tangu miaka ya 1990, na Oxidized iliandikwa ili ishike nafasi yake. Kitu kimoja cha RANCID nakipenda sana: inakutumia barua pepe yenye tofauti zenyewe, unaziona ukinywa chai ya asubuhi. Kama tayari unayo na inafanya kazi, sioni haja ya kuhama. Unayeanza leo, anza na Oxidized.

Video ijayo nitaonyesha kuiunganisha na LibreNMS, programu ya kufuatilia vifaa vya mtandao, ili orodha ya vifaa ijijaze yenyewe. Wenye swichi za zamani zinazoingiwa kwa telnet pekee, ile njia ya zamani ya kuingia kwa mbali, andikeni modeli hapo chini. Ninazo mbili hapa, nitawajaribia wikendi hii.