Kipimo cha OCTA: mishipa ya jicho bila sindano ya rangi

Mwenye kisukari aliyewahi kupigwa picha ya mishipa ya jicho kwa njia ya zamani, ambayo watafiti Novotny na Alvis waliieleza mwaka 1961, haisahau upesi: rangi ya fluoreseni huchomwa mkononi, kichefuchefu huweza kumshika, ngozi hugeuka manjano kwa saa kadhaa, na mkojo hutoka wa rangi ya machungwa hadi kesho yake. Ndiyo maana kliniki ninayohudhuria ilipopata mashine ya OCTA, inayopiga picha ya mishipa ya damu ya jicho kwa mwanga tu, aina iliyoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 2015, niliomba nipimwe kwayo. Nimekwisha kupimwa mara tatu.

Upimaji wenyewe ni mwepesi. Unaegemeza kidevu na paji la uso, unaikazia macho alama iliyo ndani ya mashine, unajizuia kupepesa kwa sekunde chache, na mimi hata matone ya kupanua mboni sikutiwa. Mwanga hupitishwa mahali pamoja mara kadhaa. Tishu iliyotulia hurudisha picha ileile, ilhali chembe nyekundu za damu huwa zimekwisha kusogea, na tofauti hiyo ndiyo inayochorwa kuwa ramani ya mishipa, tabaka kwa tabaka. Katika ramani yangu ya milimita 3 kwa 3 niliyaona kwa macho yangu mabaka meusi karibu na makula, sehemu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) tunayosomea, ambako kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, zimeacha kupitisha damu. Daktari aliilinganisha na ya miezi sita iliyotangulia, na kulinganisha huko ndiko ninakokulipia.

Lawama yangu ni kwa mapokezi, walioniambia kwamba kipimo hiki kimekifuta kile cha rangi. Si kweli: OCTA haionyeshi mshipa unaovuja, damu inayokwenda polepole mno inaweza isionekane, na kingo za retina hubaki nje ya picha ndogo kama yangu. Mtoto wa jicho nao huififisha picha, na jicho langu la kushoto lilipocheza, ilitoka na mistari ikabidi turudie. Daktari alinieleza hayo yote bila kuulizwa.

Anayekwenda aombe nakala ya picha zake, lakini asihamehame kliniki, kwa kuwa takwimu za msongamano wa mishipa kutoka mashine za kampuni tofauti hazilinganishwi moja kwa moja.