Ndovu mweupe aliniponza, programu ikaniokoa nusu

Nahau ya kwanza ya Kiingereza kuniumbua ilikuwa ya ndovu. Kazi yangu ni kuandika ripoti za miradi, na bosi wangu ni Mwingereza. Siku moja alinirudishia rasimu, pembeni ameandika kwamba mfumo niliousifia kurasa mbili nzima ni "a white elephant". Nikawaza: ndovu mweupe, mnyama adimu, mali ya wafalme! Nikamshukuru sana kwa barua pepe, nikamwahidi kwamba bajeti ikiruhusu tutanunua na wa pili. Siku hiyo hakujibu tena.

Jioni ile nikapakua programu ya simu inayofundisha nahau na methali za Kiingereza zenye wanyama. Ninayo mwezi wa tatu sasa.

Kadi ya ndovu ndiyo iliyoninasa. Inasimulia kwamba mfalme wa Siam, Thailand ya leo, akimchukia mtu wake wa karibu, humtunukia ndovu mweupe. Mnyama ni mtakatifu: hafanyishwi kazi, hauzwi, na kula anakula. Aliyetunukiwa anafilisika polepole huku akishukuru, kama mimi na barua pepe yangu. Kisa kinanukia chumvi, maana ndovu hao walikuwa fahari ya wafalme wenyewe, lakini maana yake haijanitoka tena: kitu cha gharama kisichorudisha faida.

Kila kadi ina mazungumzo mafupi ya watu wawili, kwa sauti, na hapo ndipo programu inapopata alama zake. Chukua farasi. "Straight from the horse's mouth" na "don't look a gift horse in the mouth" zote zinahusu kinywa kilekile, nami nilikuwa nikizichanganya kila mara. Programu imeziweka bega kwa bega. Umri wa farasi husomwa kwenye meno, kwa hiyo anayepewa farasi bure kisha akamfunua kinywa anampimia mtoaji zawadi yake. Methali hiyo mwandishi Mwingereza John Heywood aliichapa tangu 1546. Ile nyingine ni habari uliyoipata kwa mhusika mwenyewe, si ya kuambiwa na mpita njia. Dakika mbili, nikaelewa.

Sasa Kiswahili chake. Aliyetafsiri alikuwa na haraka. "A bull in a china shop" wameandika "fahali katika duka la Uchina", na mchoraji naye akatundika taa nyekundu za karatasi mlangoni! Hiyo "china" ni vyombo vya kauri, jamani. Anayesemwa ni mtu wa pupa anayeingia penye jambo la kushikwa taratibu na kulivuruga. Kwa "a bird in the hand" wametafsiri ndege kwa ndege na kichaka kwa kichaka, wakati "moja shika, si kumi nenda uje" ipo. Mbwa mwitu wa ngozi ya kondoo nimemsamehe, ingawa mimi nimezoea kumwona chui humo.

Kuhusu mvua ya paka na mbwa, "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa mno, wanadai wanyama hao walilala juu ya mapaa ya nyasi, mvua ikiwateremsha. Uzushi huo ulisambaa kwa barua pepe mwaka 1999. Mwandishi Jonathan Swift aliichapa nahau hiyo mwaka 1738, na hakutaja paa. Hawasemi pia kwamba imechakaa. Kwa miaka yote niliyofanya kazi na bosi wangu sijamsikia akiitamka hata mara moja. Nani anatumia ipi, na wapi ukiitumia utachekwa, hilo programu hailigusi kabisa, nami ndilo nililokuwa nalihitaji zaidi.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne niliiweka akiba, nikawaandikia kuhusu lile duka. Walinijibu siku ya pili kwa adabu nyingi, wakaahidi kurekebisha. Programu imesasishwa mara mbili tangu hapo, na fahali bado yuko Uchina.