Choo cha stenlesi kwa paka mkubwa, uzoefu wangu baada ya miezi 14

Nianze na paka mwenyewe maana usipomjua yeye hutaelewa kwa nini nimehangaika hivi. Anaitwa Kifaru, dume, kahasiwa, ana damu ya Maine Coon, ile aina ya paka wakubwa wenye manyoya mengi, kwa hiyo nywele ndefu mpaka katikati ya vidole, juzi kwenye mzani kasoma kilo 7.6, na ukimpima kuanzia pua hadi pale mkia unapoanzia ni sentimita 56. Hiyo 56 ishike, nitairudia.

Choo chake cha kwanza kilikuwa lile beseni la kawaida la plastiki, nilinunua akiwa mdogo na wakati ule kilimtosha vizuri tu, sasa akakua yeye choo kikabaki vilevile. Miguu yote minne ndani, matako nje ya ukingo, anachimba vizuri anajipanga vizuri halafu mkojo unaenda sakafuni. Nikadhani tatizo ni kuta fupi, nikanunua cha kufunika, kile chenye paa na kamlango ka kubembea na kichujio cha mkaa kule juu, niliambiwa hiki harufu haitoki kabisa. Wiki ya kwanza kweli haikutoka. Ilibaki mle ndani na paka. Na pua ya paka ni kali kuliko yangu mara nyingi sana, mimi niko nje nafurahi yeye anaingia kwenye kijichumba kilichofungwa chenye mvuke wa mkojo wa jana, hana hata pa kugeukia. Nikikumbuka naumia.

Na hapo sijafika kwenye lile lililonichosha zaidi. Madume wengine wakubwa hawachuchumai hadi chini, wanakojoa wameinua kiuno, mkojo unapiga ukuta juu juu. Kwenye choo cha kufunika ukuta huo una kiungo, pale paa linapokaa juu ya beseni, basi mkojo unateremka taratibu unaingia kwenye kiungo unatokea nje unaenda chini ya choo. Wiki mbili nzima nanusa harufu sijui inatoka wapi, nabadilisha mchanga wote, nanyunyiza manukato, nafungua madirisha, kesho yake iko palepale. Siku niliyoinua choo kizima nikakuta mstari wa njano umekauka sakafuni, ndo nikajua. Kama una choo cha kufunika na harufu haieleweki inuka sasa hivi ukaangalie chini yake.

Katikati ya hayo akaanza kukojoa kwenye zulia dogo la bafuni. Hapa naomba unisikilize vizuri, dume akibadilisha tabia ya kukojoa usikimbilie kumgombeza wala kununua choo kipya, mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo, maana njia ya mkojo ya dume ni nyembamba na inaweza kuziba, na ukimwona anachuchumaa mara kwa mara hakitoki kitu ni dharura ya saa hiyohiyo, usiseme nitampeleka kesho. Kifaru alipimwa mkojo akawa mzima. Daktari akaniuliza choo chake kina urefu gani. Nikasema kama sentimita 50 hivi. Akasema kipimo ni mara moja na nusu ya urefu wa mwili, pua hadi shina la mkia. Sasa chukua ile 56 upige, unapata 84. Nilikaa kimya kwa kweli, miaka miwili nilikuwa nampa paka wangu choo cha paka mwingine.

Nikaingia kutafuta choo kikubwa na ndipo nikakutana na hiki cha stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu. Kilichonivuta ni hii habari ya harufu. Mkojo ukitoka tu haunuki sana, unachonusa baadaye ni bakteria wameshavunja urea kuwa amonia, ile inayochoma macho, na kwa paka kuna pia kitu kinaitwa felinini chenye salfa ndani yake, kikivunjika kinaleta ule uvundo wa dume, na madume wasiohasiwa wanakitoa kwa wingi zaidi. Kwa hiyo harufu inategemea mkojo unakaa wapi na unakaa muda gani. Plastiki inachorwa na makucha kila siku, mikwaruzo midogo ambayo huioni lakini mkojo unaingia humo na bakteria wake, unaosha unasugua unaanika juani, kikikauka ukiweka pua ndani harufu bado ipo. Ndo maana choo cha plastiki watu wanashauri ubadilishe kila baada ya mwaka mmoja hivi. Chuma hakinywi mkojo na makucha hayakichimbi kirahisi.

Hiki nilichochukua ni sentimita 60 kwa 40, beseni ni stenlesi, juu yake kuna ukuta wa plastiki unaobanwa unafikisha kimo cha 30, mbele kuna mdomo wa chini wa kuingilia. Miezi 14 sasa. Kwenye harufu sina lawama hata moja, nikikiosha nikakikausha natia kichwa ndani hakinuki chochote, kinang'aa kama siku ya kwanza, na mabonge ya mchanga hayang'ang'anii chini kama kwenye plastiki. Hapo nakipa 9 kati ya 10 na nasema kwa moyo wote.

Ila kina mambo. Kelele, akichimba hadi chini kucha zikikutana na chuma usiku unasikia nyumba nzima, dawa yake ni kuongeza mchanga ufike sentimita 6 au 7 na kukiweka juu ya mkeka wa mpira. Cha pili ule ukuta wa plastiki, kiungo kipo tena! Mwanzo nilifunga vibaya, ukuta ulikaa kwa nje ya ukingo wa chuma, mkojo ukawa unatoroka kama zamani, nilipougeuza ukawa unaingia kwa ndani matone yanarudi kwenye mchanga na tatizo likaisha. Ukienda kununua cha namna hii angalia hilo kabla ya kitu kingine chochote, plastiki iingie ndani ya chuma, ikiwa muundo wake unakaa nje na haugeuziki kiache hapohapo.

La tatu ndo kubwa. Kimeandikwa kwa paka wakubwa, lakini 60 sio 84. Kwa paka mdogo kuliko yeye kinaweza kutosha, kwa Kifaru ni nafuu tu. Anaingia anageuka kwa shida, anafukia upande mmoja mwingine anauacha wazi, na kinyesi kisichofukiwa ndo kinachofukuza watu chumbani hata choo kiwe cha dhahabu.

Kwa hiyo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilichukua kontena la plastiki la kuhifadhia mablanketi, urefu 85, upana 50, kimo 40, nikakata mlango upande mfupi nikiacha sentimita 15 kutoka chini, kingo nikazisugua kwa msasa mpaka zikawa laini zisimkate. Hakina kiungo popote, kuta ni kipande kimoja, mkojo upige juu kiasi gani utarudi chini. Siku ya kwanza Kifaru aliingia akazunguka mara mbili, akachimba shimo, akamaliza, akageuka akanusa, akafukia yote. Yote jamani, sikuwahi kuona akifanya vile. Nilikuwa nadhani ni paka mvivu wa kufukia kumbe alikosa nafasi.

Nimebaki navyo vyote viwili, na kanuni ya paka mmoja vyoo viwili (idadi ya paka jumlisha kimoja) imejitimiza yenyewe. Kontena liko kwenye korido, cha stenlesi kiko upande wa vyumba vya kulala ambako harufu ndogo tu inasumbua. Cha ajabu amegawa kazi, anakojoa zaidi kwenye kontena, kubwa anaenda kumalizia kwenye chuma. Nimesikia paka wengi wana tabia hiyo.

Mchanga nimejaribu aina nyingi. Ninaotumia ni wa udongo wa bentonaiti unaoganda, punje ndogo, usio na manukato. Mchanga wa silika, zile punje ngumu zinazonyonya unyevu, ulinyonya mkojo vizuri sana na harufu hakuna, ila Kifaru hakupenda zile punje miguuni alikuwa anachimba kidogo anaruka nje. Vipande vya mbao vya msonobari vinanukia vizuri, vikilowa vinageuka unga unachekecha, nao ni chaguo zuri kwa paka anayekubali, wangu alikubali nusu. Wenye lavenda ndo sitarudia kabisa, alikuwa anasimama mlangoni anasita, na harufu ya maua ikichanganyika na amonia inakuwa mbaya kuliko amonia yenyewe. Ukibadilisha aina usibadilishe siku moja, changanya mpya na wa zamani kidogo kidogo kama wiki nzima. Na bentonaiti usiimwage chooni kwako, inavimba ikikutana na maji, mabomba yataziba.

Usafi sasa, maana choo kizuri bila usafi ni kazi bure. Nachota asubuhi na jioni kwa kile kijiko cha matundu, dakika mbili tatu. Ukichota kila siku unapata faida mbili zaidi, ya kwanza vile vijidudu vya toksoplazma kwenye kinyesi vinahitaji siku 1 hadi 5 tangu kutoka ndo viweze kuambukiza, unakuwa umeshavitoa (mama mjamzito lakini asichote, amwachie mtu mwingine). Ya pili unajua hali ya paka wako, mimi najua Kifaru kwa kawaida anatoa mabonge mangapi na ya ukubwa gani, siku yakiwa madogo madogo mengi au hakuna kabisa nitajua kabla hajaanza kulia.

Kila baada ya wiki mbili hivi namwaga wote, naosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo isiyonukia sana, nasuuza, halafu nakausha hadi kikauke kabisa. Hapo kwenye kukausha watu wengi wanaruka, ukimwaga mchanga kwenye choo chenye unyevu unaganda chini kama saruji na harufu inaanza siku ileile. Chini kabisa natandaza beking soda kidogo, safu nyembamba tu. Klorini sitii kamwe, mkojo una amonia na amonia ikikutana na klorini inatoa gesi inayoumiza mapafu, yako na ya paka. Na dawa za kuua viini zenye fenoli ziweke mbali, kwa paka ni sumu, analamba miguu yake kila saa yule.

Lile zulia la bafuni nililiosha kwa sabuni mara nne akarudia mara nne. Kilichomaliza ni kile kisafishio chenye vimeng'enya (enzaimu), ile asidi ya mkojo sabuni ya kawaida haiitoi yote, wewe hunusi ila yeye ananusa. Kimwage kilowe hadi ndani, kiache kifanye kazi muda mrefu, usikisugue ukafuta baada ya dakika mbili kama nilivyofanya mara ya kwanza.

Mahali pa kuweka sina mengi, pawe na hewa, mbali na chakula chake, pasiwe karibu na mashine ya kufulia maana ikianza kunguruma yuko katikati ya shughuli hatarudi tena. Mkeka wa vishimo mbele ya mlango ni lazima kwa paka wa nywele ndefu, mchanga unang'ang'ania kati ya vidole unausambaza mpaka kitandani.

Kontena nitalibadilisha mwaka ukifika, chini lishaanza mikwaruzo na nikiinama karibu nanusa kitu kwa mbali. Cha stenlesi hakiendi popote. Na siku nikikuta cha stenlesi cha sentimita 80, kuta zote chuma kipande kimoja bila plastiki ya kubana, nakichukua siku hiyohiyo.