Darubini ya 8x42: miezi saba nikiwatazama ndege wa majini

Kabla ya darubini hii, kila ndege mweupe mwenye shingo ndefu kwangu alikuwa yangeyange, basi. Asubuhi ya kwanza nikamwelekezea mmoja aliyesimama kwenye maji machache. Akanyanyua mguu. Mguu wenyewe mweusi ti, lakini vidole vya njano, utadhani kavaa soksi! Akavitikisa topeni, visamaki vikakurupuka, akadona. Huyo ni yangeyange mdogo. Yule anayefuata ng'ombe mdomo wake ni wa njano, wa huyu ni mweusi. Miaka yote nilikuwa nawachanganya.

Namba 8 ni mara inazokuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Niliazima ya 10x50 nikalinganisha: mikono yangu haikuiweza, mnandi aliyetua juu ya nguzo alikuwa anatetemeka kama ana homa. Kwa hii ya 8 ametulia, mpaka rangi ya jicho naiona. Mnandi mkubwa jicho lake ni la kijani, mdogo ni jekundu. Ndege aitwaye mbizi naye huanika mabawa kama mnandi, ila mdomo wake umenyooka kama mkuki, wa mnandi una ndoana nchani.

Sasa lawama. Gurudumu la kufokasi ni gumu na refu, karibu mizunguko miwili kutoka karibu hadi mbali. Kwa kulasitara aliyeganda nusu saa akivizia, hakuna neno. Kwa mdiria anayepigapiga mabawa angani kisha akajitupa majini, ukimaliza kuzungusha yeye keshameza. Kibisi ndiye kabisa: anazama hapa, anaibukia kule. Halafu jua likiwa kali, ndege mweupe anazungukwa na ukingo wa zambarau ambao hakuzaliwa nao.

Mpira wa kuwekea macho ulibanduka mwezi wa pili. Nilimwandikia muuzaji mara tatu, kimya. Nikaugundisha mwenyewe. Ila haiingii maji, hilo nakiri; iliniponyoka ikaanguka topeni, nikaisuuza, na ndani haijapata ukungu hata siku moja. Sisi wa miwani pia tunaona duara zima bila kuivua.

Siku niliyoisamehe yote ni ile ya sile-maua. Alikuwa akitembea juu ya majani ya yungiyungi kwa vile vidole vyake virefu vinavyotawanya uzito, nami nikahesabu miguu: sita. Nikafuta lenzi, nikahesabu tena, sita. Lilikuwa dume, maana kwao baba ndiye mlezi, na kwapani kabana vifaranga wawili, miguu yao inaning'inia nje.

Nyota nne kati ya tano. Mkanda wanaokupa unakata shingo, tafuta mwingine mpana mapema.