Maktaba ipi ya kuandikia XML kubwa? Soma kabla ya kulipia RAM

Ukihudumia nyumba za wageni kuanzia Malindi na Watamu hadi Shela kule Lamu, siku moja wakala wa kuuza vyumba atakuomba faili la XML (maandishi ambayo kila taarifa imefungwa ndani ya alama za kuifungua na kuifunga, yaani tagi) lenye bei ya kila chumba kwa kila siku ya mwaka. Vyumba 200 kwa siku 365 ni rekodi 73,000. Seva ya bei nafuu huzimia njiani, na wengi watakwambia uongeze RAM. Usilipe bado. Maktaba hapa ni msimbo uliokwisha kuandikwa, ambao programu yako huuita tu. Zote ninazozipanga hapa ni za bure; gharama yake ni memori (hiyo RAM), na humo zinapishana sana.

Zinazokumaliza ni zile za kujenga mti: DOM na SimpleXML za lugha ya PHP, na ElementTree ya lugha ya Python. Hizo huweka faili zima ndani ya RAM kwanza, ndipo ziliandike. Kwenye seva yenye RAM ndogo utakwama mapema. Kwa faili dogo ni nzuri. Kwa kazi hii ziache.

Namba moja kwangu ni XMLWriter ya PHP, kwa sababu seva nyingi za kukodi tayari zinayo. Fungua kwa openUri, inayoandika kwenye faili, maana openMemory hukurudisha kulekule kurundika kila kitu kwenye RAM, na kila baada ya rekodi 1,000 hivi ita flush, ili yaliyokwisha kuandikwa yatoke kwenye RAM yaende kwenye faili. Nyumba ikiitwa “Ali & Wanawe”, text() ya XMLWriter huigeuza alama ile yenyewe iwe katika namna ambayo XML inaikubali. writeRaw() huiacha ilivyo, na & moja tu ya namna hiyo yatosha faili zima kukataliwa.

Wa Python wachukue xmlfile iliyomo kwenye lxml, maktaba ya kupakua. Ukitumia neno with la Python, tagi hujifunga zenyewe, na hilo pekee naliona lina thamani ya bando la kuipakua. XMLGenerator huja na Python yenyewe na haili memori, ila ukifunga tagi isiyo yake haikuzuii. Ndiyo maana naiweka ya tatu.

XMLStreamWriter ya Java, iliyomo tangu Java 6, ni imara. Itumie kama mfumo wako tayari ni wa Java.

Yoyote utakayochagua, andika kwanza kwenye bei.tmp, na ukishafunga tagi ya mwisho ndipo ubadilishe jina lake liwe bei.xml. Umeme ukikatika katikati, wakala atakuta faili la jana likiwa kamili.