Kupima mnong'ono wa anga: radiometa ya kawaida au ya Dicke?

Ukiwa na ungo juu ya bati hapa Tabora na unataka kupima kelele hafifu za redio kutoka angani, unahitaji radiometa, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi ya redio, na njia ni mbili.

Ya kwanza, radiometa ya kawaida, hupima nguvu yote inayoingia, mfululizo. Kwenye karatasi inapendeza: kelele ya mfumo (ya anga na vifaa pamoja, ikielezwa kama joto) ikiwa kelvini 100, upana wa bendi (ukanda wa masafa unaopokewa) megahezi 1, ukipima sekunde 1, unatambua tofauti ya kelvini 0.1. Ila hapo tumedhani amplifaya, kifaa kinachokuza mawimbi hafifu, imetulia, na joto la Oktoba hapa halitulizi kitu. Ukuzaji ukiyumba asilimia 1 tu, kosa ni kelvini 1, mara kumi ya ulichokuwa unatafuta!

Ya pili, radiometa ya Dicke, aliieleza mwanafizikia Mmarekani Robert Dicke mwaka 1946. Swichi huhama mara nyingi kwa sekunde kati ya antena na kipingamizi (resista) chenye joto linalojulikana. Ni kama muuza asali asiyeiamini mizani yake: anapima ndoo, anapima jiwe, anarudi kwenye ndoo. Vikikaribiana uzito, kuyumba kwa mizani karibu kunafutika. Gharama yake? Usikivu unashuka hadi kelvini 0.2.

Mimi ningekubali hasara hiyo. Kwa Jua, lenye kelele kubwa, ya kwanza inatosha.